Msimsingizie Mvua

Tamko linalotolewa baada ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kuporomoka huku kwetu lina umbo lake, na mtu aliyekaa Kahama au Geita kwa miaka michache anaweza kulisoma kabla mkuu hajafungua mdomo. Kwanza, mvua zinazoendelea kunyesha zimelainisha ardhi. Pili, wachimbaji walikaidi maelekezo. Tatu, serikali inatoa pole na inatoa wito. Kesho yake magazeti yanaandika hivyo hivyo, redio zinarudia, na vijiweni watu wanamalizia: "Tamaa hiyo. Nani alimlazimisha kuingia?" Turubai la msiba likishashushwa, habari imekwisha.

Maelezo hayo si ya kweli. Sikatai kwamba mvua hunyesha, wala sisemi wachimbaji ni malaika. Lakini mvua na ukaidi, hata vikiwapo vyote viwili, havielezi kwa nini mtu alikuwa chini ya ukuta ule saa ile, wala kwa nini ukuta ulikuwa vile. Na kibaya zaidi, ni maelezo yanayofunga mlango wa swali linalofuata. Mvua haina wakili wala haiwezi kushtakiwa. Marehemu naye hajibu. Ukiwapata washtakiwa wawili wa namna hiyo, kesi unaimaliza siku hiyo hiyo.

Tuanze na Agosti. Tarehe 11 Agosti 2025, katika mgodi wa Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, watu 25 walifukiwa maduara yalipotitia. Agosti! Yeyote aliyelima pamba Usukumani anaujua mwezi huo: mabua yamekauka shambani, ng'ombe wanaswagwa mbali kutafuta maji, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Mvua za mwisho zilikwisha Mei. Na watu wale walikuwa wakifanya nini chini? Walikuwa katika ukarabati wa maduara. Yaani walifukiwa wakiwa kwenye kazi ile ile ambayo kila tamko huwalaumu wachimbaji kwa kutoifanya. Wachache walitolewa hai siku za mwanzo, na zoezi la kuwatafuta wengine likaendelea kwa wiki kadhaa. Hapo mvua haikuwapo, na ukaidi mtu atautafuta kwa tochi. Kama nadharia inayotumika kila mwaka inashindwa kueleza ajali kubwa kiasi hicho, iliyotokea mlangoni pa mkoa wenyewe, basi nadharia hiyo ina kasoro, na kasoro yake haikuanza Nyandolwa.

Turudi nyuma kidogo. Aprili 2015, Kalole, wilaya ya Kahama, jirani na mgodi mkubwa wa Bulyanhulu: watu 19 walikufa shimo lilipowaporomokea. Huko mvua ilikuwa imenyesha kweli. Miezi sita baadaye, tarehe 5 Oktoba 2015, Kahama hiyo hiyo, mgodi wa Nyangarata ukatitia, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 walinaswa chini katika mgodi wa kampuni ya RZ Union. Tarehe 13 Januari 2024, Ng'alita, wilaya ya Bariadi, ambayo kabla ya Simiyu kuwa mkoa ilikuwa Shinyanga, miili 22 ilitolewa kwenye udongo. Ukiziweka tarehe hizo juu ya kalenda ya mvua utaona zimetawanyika: masika yanapoelekea kuisha, ukame unapoelekea kuisha, katikati ya msimu, katikati ya kiangazi. Kinachofanana katika zote kiko chini ya ardhi.

Sasa tuiangalie ardhi yenyewe, maana wanaotoa matamko huizungumzia kama kwamba ni unga uliosubiri maji. Mikanda ya dhahabu ya Geita, Kahama na Bariadi imo katika miamba ya kale mno, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kwa muda wote ambao mwamba huo umekaa wazi kwa jua na mvua, sehemu yake ya juu imeoza. Bado unaweza kuona mistari ya jiwe la zamani ndani yake, rangi nyekundu, njano, nyeupe, lakini ukiipiga sululu inazama. Hapo ndipo rashi, yaani mmiminiko wa wachimbaji, huzaliwa. Mtu mmoja anaokota jiwe lenye rangi, wiki ya pili wako mia, mwezi wa pili pana mama ntilie, maduka ya vifaa na makarasha ya kusaga mawe, na mita za kwanza kumi au ishirini zinachimbwa bila baruti, kwa nguvu za mkono tu. Ulaini ule ule unaomwezesha maskini kuifikia dhahabu ndio unaomfukia.

Jiwe lililooza likiwa kavu husimama wima kwa namna inayoshangaza. Unyevu kidogo uliobaki kati ya chembe na chembe huzivuta zishikane, na ukuta unakaa Juni, Julai, Agosti, Septemba bila timba hata moja, yaani bila gogo la kuuegemeza. Katika miezi hiyo ukuta unamfundisha mchimbaji somo la uongo. Kila siku anayotoka salama inampa sababu ya kudhani hata kesho atatoka salama. Maji yakija na kuzijaza nafasi zile, ule mvuto unatoweka, na kilichokuwa kikishikilia ukuta hakipo tena. Ukuta haukudhoofika siku ya mvua. Nguvu yake ilikuwa ya kuazima tangu Juni.

Kisha njoo kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa Shinyanga. Wakulima wanaujua kuliko mainjinia: kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa mbuzi unaweza kuzama. Mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba, pale mbuga inapofunika juu, haina haja ya kupenya taratibu. Inashuka kwenye ufa moja kwa moja na kulifikia jiwe lililooza nyuma ya ukuta, wakati juu ya ardhi watu bado wanafurahia harufu ya udongo. Ndiyo maana mvua chache za mwanzo, zile ambazo hakuna anayezihesabu kuwa nyingi, zinaweza kuwa za hatari kuliko mvua kubwa za baadaye. Tamko la "mvua nyingi" hata hili halilifikirii.

Halafu kuna kazi ya mikono. Kifusi kinarundikwa mdomoni mwa duara kwa sababu hakuna anayelipwa kukisogeza mbali, kwa hiyo tani kadhaa zinakaa juu ya ukingo ambao watu wanafanya kazi chini yake. Maduara yanachimbwa karibu karibu, kila kikundi kikifuata mkanda kwa upande wake, mpaka chini njia zinakutana na maduara yanatoboana. Nguzo za mwamba zilizoachwa makusudi kushikilia paa zinachimbwa siku moja mtu anapogundua kwamba nazo zina dhahabu. Baruti ya jirani inapigwa bila jirani kuambiwa. Matimba yanaoza. Hakuna ramani ya yote hayo, wala mtu mmoja anayejua kilichoko chini ya miguu ya wote. Mvua inapofika, inakuta kazi imeshafanyika.

Naomba niwatoe Usukumani kidogo, tuone wengine wanavyokabili hatari ya kufukiwa, niwapeleke mahali ambako hakuna anayetarajia kutajiwa katika habari za maduara: milima ya theluji ya Ulaya. Huko wapo watu wanaopanda milima kwa miguu, mbao za skii zimefungwa kwenye viatu, ili wateremke wakiteleza mahali pasipo njia wala walinzi. Wanafanya hivyo kwa starehe, na baadhi yao hufa kwa kufukiwa na maporomoko ya theluji.

Theluji ya mwanzo wa msimu, ya Novemba au Desemba, ina ujanja wake. Huanguka kidogo, kisha hukaa siku nyingi chini ya anga wazi na baridi kali. Joto la ardhi linalopanda kupitia tabaka hilo jembamba huibadilisha theluji ya chini ikawa chembechembe zisizoshikana, kama sukari. Baadaye inakuja theluji nyingine, nzito, inatulia juu yake. Kwa macho ni mlima mzuri mweupe. Mtu anakanyaga, tabaka la chini linavunjika, na upande mzima wa mlima unashuka naye. Wataalamu wa mambo hayo wanajua kwamba katika vifo vingi vya watelezaji, aliyeyaamsha maporomoko ni marehemu mwenyewe au mwenzake.

Sasa fikiria: kama kuna watu duniani wanaostahili kuambiwa "mlijitakia," ni hawa. Hawana njaa nyumbani. Hakuna mwenye duara aliyewangoja juu. Na kweli, hata huko wapo wanaowaita wajinga. Lakini wanaohusika na usalama wa milima hiyo hawakuishia kwenye lawama. Nchini Uswisi, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos imekuwa ikitoa taarifa za hatari tangu 1945. Taarifa hizo leo zina ngazi tano, na hazisemi "kuweni makini" zikanyamaza. Zinataja miteremko inayotazama upande gani, kuanzia mwinuko gani, na udhaifu uko tabaka la juu au la chini. Watelezaji hufundishwa kuchimba shimo dogo na kuangalia matabaka kwa macho yao. Kila mmoja hubeba kifaa cha kutoa mawimbi, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, kwa sababu inajulikana kwamba aliyefukiwa ana nafasi kubwa ya kupona katika dakika 15 hivi za kwanza, na baada ya hapo nafasi inashuka haraka. Hakuna helikopta inayowahi dakika hizo, anayewahi ni mwenzako. Idadi ya wanaopanda milima hiyo imeongezeka sana kwa miongo, lakini vifo havikuongezeka kwa kiasi hicho.

Wale wa starehe wanapewa taarifa ya kila siku kuhusu udhaifu wa kitu wanachokikanyaga. Mchimbaji wa Msalala, Kahama, ambaye jasho lake serikali inalihesabu katika mapato ya madini, anapewa wito. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina utaratibu mzuri wa kutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na utabiri wa msimu unawafikia wakulima. Wavuvi wa ziwa wanapata habari za upepo na mawimbi. Kwa mchimbaji ni nani anayeutafsiri utabiri huo uwe lugha ya duara? Nani anamwambia: tangu Jumanne maji yameingia kwenye nyufa, maduara ya mbugani yasiyo na matimba yafungwe, yale yaliyomo kwenye mwamba mgumu yanaweza kuendelea, kifusi kilicho ndani ya mita kadhaa kutoka ukingoni kiondolewe kwanza? Utabiri wa aina hiyo hauhitaji satelaiti mpya. Unahitaji ofisi moja inayokubali kwamba hilo ni jukumu lake.

Hapa mtetezi wa matamko atanikatiza: "Lakini Ng'alita waliambiwa! Eneo lilikuwa limesimamishwa kwa sababu ya mvua, na vijana wakaingia." Ni kweli, taarifa za serikali wakati ule zilisema hivyo, na sina sababu ya kuzikanusha. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa pili, kwa hiyo tuipe nafasi yake.

Kuelewa kwa nini kijana wa miaka 24 anaingia kwenye shimo aliloambiwa asiingie, anza na mgao. Kwa kawaida kazi ya duara huenda hivi. Mwenye leseni ana karatasi na eneo. Mwenye duara ana mtaji, naye ananunua unga na maharage, mafuta ya jenereta, kamba, baruti, matimba. Wachimbaji wana mikono. Mawe yakitoka, viroba vinagawanywa: fungu la leseni, fungu la duara, na linalobaki wachimbaji wanagawana, kisha kila mmoja anakwenda kusaga lake kwenye karasha na kuosha dhahabu mialoni. Mafungu yanatofautiana kati ya eneo na eneo. Lakini jambo moja halitofautiani: siku isiyotoa kiroba, mchimbaji hana kitu zaidi ya kula yake.

Zipange sasa kazi za usalama katika hesabu hiyo. Kuweka matimba ni siku nzima isiyotoa kiroba. Kusogeza kifusi ni siku nyingine. Kuacha nguzo ya mwamba ni kuiacha dhahabu unayoiona. Miti ya matimba yenyewe inatoka mbali siku hizi, kwa gharama na kwa kibali, kwa kuwa misitu ya karibu imekwisha au ni hifadhi. Mwenye mtaji anatoa fedha, mchimbaji anatoa siku, na wote wawili hawaoni kitu mkononi jioni. Tena timba unaloweka leo linamfaa mtu wa zamu ya kesho, na zamu ya kesho huenda si yako. Huhitaji kumpima mtu tamaa ili ueleze kwa nini matimba hayawekwi. Mpe mgao huo profesa wa uhandisi, mwondolee mshahara, mwache na watoto wanne na kodi ya chumba huko Katoro, Geita, uone ataweka matimba mangapi.

Na amri ya kusimamisha, je? Amri ya Ng'alita, kama ilivyoelezwa, iliwahusu watu walioko chini kabisa ya mnyororo wa biashara ya dhahabu. Mchimbaji alisimamishwa. Karasha lilisimamishwa? Mnunuzi aliambiwa asipokee mawe ya eneo lile? Mwenye mtaji aliambiwa kwamba unga atakaoupeleka kule utakuwa kosa lake? Katika nchi hii tumekwisha kuona kwamba serikali ikitaka kuifuatilia dhahabu inaweza. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, yakafuata mengine mikoani, na leo gramu inapimwa, inaandikwa, inatozwa mrabaha, na anayeitorosha anasakwa mpaka mpakani. Mfumo unaoweza kuifuata gramu kutoka mialoni mpaka sokoni unaweza kukifuata kiroba kurudi kwenye duara kilikotoka. Mawe ya duara lililofungwa yakikosa karasha la kuyasaga na mtu wa kuyanunua, hakuna kijana atakayeamka saa nane usiku kuyafuata. Kwa sasa tunamkataza mtu kuchimba na tunaendelea kukinunua alichochimba, kisha akifa tunasema alikaidi.

Kuna nadharia nyingine isiyoandikwa magazetini ila inasemwa sana, nami sitaki kuipita kimya. Ni ile ya kafara: kwamba dhahabu hudai damu, kwamba duara lililofukia watu lilikuwa na mwenyewe aliyekwenda kwa mganga, kwamba likishakula litatema. Wasomi wanaicheka. Wasicheke sana. Nadharia ya kafara na ya ukaidi ni ndugu wa baba mmoja. Moja inasema kifo kiliagizwa na mizimu, nyingine inasema kiliagizwa na tabia ya marehemu, na zote mbili zinakuachia duara lile lile, mgao ule ule, na hakuna anayeulizwa matimba yalikuwa wapi. Tena ya kafara angalau inamnyooshea kidole mwenye mali.

Wengine, wenye nia njema, husema dawa ni urasimishaji. Wapeni leseni, waingie kwenye vikundi, ajali zitaisha. Naunga mkono leseni kwa sababu nyingine nyingi, ila kwa hili hazitoshi. RZ Union ilikuwa kampuni, na watu wake 15, mmoja wao raia wa China, walinaswa. Nyandolwa ulikuwa mgodi wa kikundi, uliofanya kazi mchana kweupe, wala haukuwa shimo la kuvizia usiku. Leseni inataja mipaka ya eneo juu ya ardhi, na ukuta ulioko mita arobaini chini hauijui mipaka hiyo. Tunazo kanuni za usalama, afya na mazingira migodini tangu 2010. Mapungufu hayako kwenye karatasi.

"Serikali haiwezi kukagua maelfu ya maduara," ndilo jibu la mwisho, na mara nyingi linatolewa kwa huzuni ya kweli. Mimi siombi mkaguzi katika kila shimo. Leseni ya uchimbaji mdogo haizidi hekta 10 na ina jina la mtu au kikundi katika daftari la Tume ya Madini. Mwenye jina hilo atakiwe kuwa na vitu vichache vinavyoonekana kwa macho: mchoro wa maduara yake na njia zake za chini, unaoongezwa kila wiki, hata kama umechorwa kwa mkono, umbali usiovukwa kati ya duara na duara, kifusi nyuma ya mstari, na vigingi.

Vigingi nataka kuvieleza, maana hapa ndipo dharau kwa mchimbaji inapoonekana wazi zaidi. Ardhi karibu kila mara hutoa dalili. Wachimbaji wanazijua kuliko mtu yeyote wa ofisini: matimba yanalia, punje zinadondoka bila kuguswa, ufa unajitokeza juu nyuma ya ukingo. Ukipigilia kigingi upande huu wa ufa na kingine upande ule, ukapima kati yao kwa futi kamba kila asubuhi na kuandika kwenye daftari, utaijua ardhi inayotembea kabla haijaanguka. Migodi mikubwa inafanya hilo hilo kwa rada. Tarehe 10 Aprili 2013, katika mgodi wa Bingham Canyon, jimbo la Utah nchini Marekani, zaidi ya tani milioni 100 za mwamba ziliteremka ukutani usiku mmoja. Hakufa mtu hata mmoja, kwa kuwa mwendo wa ukuta ulikuwa ukipimwa na watu walikuwa wameshaondolewa. Kigingi na futi kamba si rada, lakini kanuni ni moja, na bei yake haifiki ya kreti mbili za soda.

Ila daftari la vigingi halitamwokoa mtu ikiwa anayelisoma hana mamlaka. Fundi mkongwe wa duara anaweza kusikia timba linalia, akasema "tutoke," na mwenye mtaji akajibu kwamba mkanda umeshaonekana, zamu imalizwe. Nani ana neno la mwisho? Kwa sasa ni mwenye fedha, na anayetoa amri hiyo mara nyingi hayuko chini. Kanuni moja ingebadilisha hali kuliko semina hamsini: mtu wa zamu akisimamisha kazi kwa dalili zilizoandikwa, zamu yake ihesabiwe kama imefanya kazi, na siku za matimba zilipwe posho inayokatwa kwenye mawe kabla ya mgao, pande zote zikichangia. Wenye maduara watasema nawaharibia biashara. Biashara inayosimama kwa sababu mmoja wa wabia hufanya kazi ya usalama bure tayari ni mbovu.

Na uokoaji. Wale wa Nyangarata waliishi siku 41 kwa mende, vyura, mizizi na maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka juu. Mwenzao mmoja alifia humo. Walipopatikana, wengi huku juu walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Tuliwashangilia kama muujiza, na sielewi mpaka leo kwa nini hatukuona aibu. Mtu anayeweza kuishi siku 41 chini ni mtu aliyekuwa anafikika. Nyarugusu, ambako bomba lilipitishwa, chakula na maji vikashushwa na wote 15 wakatoka hai siku ya tatu, ilionyesha kwamba mashine na mtaalamu vikiwa karibu kazi hubadilika. Je, eneo lenye maduara mia linashindwa kuwa na bomba moja, pampu moja, winchi ya ziada na watu kumi waliofundishwa? Hivi sasa mashine ya kuchoronga au kijiko hutafutwa kwa simu baada ya watu kufukiwa, kikitoka wilaya nyingine, kwa hisani ya mgodi mkubwa. Kwenye theluji kila mtu hubeba koleo lake. Kwetu koleo linaombwa.

Sehemu ya lawama ni yetu tunaoandika. Tamko linapotolewa tunalinukuu neno kwa neno na kupeleka habari mezani kabla ya saa moja. Vuli ikianza tena, na likija tamko jingine kutoka Msalala, Mbogwe au Bukombe, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kuandika neno mvua. Leseni ni ya nani? Mkaguzi alifika lini mara ya mwisho na aliandika nini? Mchoro wa njia za chini uko wapi? Matimba ya mwisho yaliwekwa siku gani, na walioyaweka walilipwa nini kwa siku hiyo? Nani aliona ufa kwanza, alimwambia nani, na huyo alijibu nini? Mawe yaliyotoka wiki iliyotangulia yalisagwa kwenye karasha gani? Mkuu asipokuwa na majibu, liandikwe hivyo hivyo: hakuwa na majibu.